Limfoma ya Burkitt: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wazazi, wanafunzi wa sayansi na wahudumu wa afya huyarudia kila jina la ugonjwa huu linapotajwa. Maelezo yake hayachukui nafasi ya daktari anayemwona mgonjwa kwa macho yake.

## Ugonjwa na jina lake

1. Limfoma ya Burkitt ni nini?

Ni saratani ya limfosaiti B, yaani zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili za kupambana na vijidudu. Chembe moja inapoharibika katika sehemu mahsusi ya viini vyake vya urithi, huanza kujigawa bila kukoma, na uzao wake hujikusanya kuwa uvimbe. Katika Afrika Mashariki mgonjwa wa kawaida ni mtoto mdogo, mara nyingi wa kati ya miaka minne na tisa, mwenye uvimbe tayani au tumboni, na watoto wa kiume huugua karibu mara mbili ya watoto wa kike.

Kuna mambo mawili ambayo msomaji asiyatenganishe. Uvimbe huu unakua haraka kuliko karibu kila uvimbe mwingine wa binadamu, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Wakati huohuo, ni miongoni mwa saratani zinazokubali dawa kwa wepesi mkubwa, na watoto wengi hupona kabisa wakifikishwa hospitali mapema na kumaliza tiba.

2. Burkitt alikuwa nani?

Denis Parsons Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Alipoteza jicho moja akiwa mtoto. Alianza masomo ya uhandisi katika chuo cha Trinity College, Dublin, kisha akahamia udaktari, na baada ya kutumika kama daktari wa jeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuja Uganda mwaka 1946. Alianzia Lira, halafu akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa daktari wa upasuaji wa hospitali ya serikali. Hakuwa mtaalamu wa saratani wala hakuwa na maabara ya utafiti, na jambo hilo lafaa likumbukwe na kila mhudumu anayedhani kwamba ugunduzi ni kazi ya watu wa mbali wenye mitambo.

3. Jina lake lilifikaje kwenye ugonjwa?

Mwaka 1957 daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, la juu na la chini, kushoto na kulia. Jipu la jino au maambukizi ya mfupa kwa kawaida hukaa sehemu moja, lakini huu ulikuwa uvimbe wa pande nne kwa wakati mmoja, na Burkitt hakuwa na maelezo yake. Majuma machache baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alitazama nje kupitia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi nyasini na mama yake, akiwa na uso wa namna ileile. Alitoka akampima, akakuta na tumbo lake pia lina uvimbe.

Aliporudi Kampala alianza kufukua kumbukumbu za hospitali na za uchunguzi wa maiti, akaona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini, ovari au tezi nyingine za ndani. Mwaka 1958 alichapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza akieleza habari za watoto 38. Makala hiyo iliuita uvimbe huo sakoma, yaani saratani ya mifupa au nyama za mwili. Wanapatholojia wa Kampala (madaktari wanaochunguza vipande vya mwili maabara), Gregory O'Conor na Jack Davies, ndio waliotambua kwa hadubini kwamba ni limfoma, yaani saratani ya limfosaiti. Wenzake wakazoea kuuita uvimbe wa Burkitt, na hatimaye jina likatulia kuwa limfoma ya Burkitt.

4. Je, yeye ndiye mtu wa kwanza kuuona?

Hapana. Albert Cook, daktari mmisionari wa Hospitali ya Mengo, Kampala, alikuwa amekwisha kuandika habari za uvimbe wa taya za watoto tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Kabla yake na baada yake, akina mama wa vijijini waliuona kwenye nyuso za watoto wao bila kuwa na mtu wa kuwaandikia. Hata pale Mulago wenyewe uvimbe ulijulikana, ila kwa vipande: wa taya uliandikwa kwa jina moja, wa figo kwa jina jingine, wa ovari kwa jina la tatu. Alichofanya Burkitt ni kuvitambua vipande hivyo kuwa ugonjwa mmoja, kisha kuuliza unapatikana wapi na haupatikani wapi. Kwa maoni yangu jina hilo ni haki yake kwa sababu ya kuunganisha na kuuliza. Anayelisoma kana kwamba Burkitt ndiye aliyeuona ugonjwa kwanza anawanyima haki wengine.

5. Huandikwaje na hutamkwaje?

Kwa kuwa ni jina la mtu, huandikwa kwa herufi kubwa na kwa tahajia yake ya asili: limfoma ya Burkitt. Matamshi yanakaribia «Bakiti». Vitabu vya zamani huandika pia uvimbe wa Burkitt au limfoma ya Afrika. Jina hili la mwisho limeachwa, kwa sababu ugonjwa huu hupatikana katika mabara yote (tazama swali la 16).

6. Tofauti yake na limfoma ya Hodgkin na sakoma ya Kaposi ni ipi?

Zote tatu zinabeba majina ya madaktari, na hapo ndipo kufanana kwingi kunapoishia. Limfoma ya Hodgkin nayo hutokana na limfosaiti, lakini aghalabu huanza na mitoki ya shingoni inayokua taratibu kwa miezi. Sakoma ya Kaposi hutokana na chembe za kuta za mishipa, huonekana mara nyingi kama mabaka meusi au ya zambarau kwenye ngozi, na husababishwa na virusi vingine kabisa. Dawa zake pia ni tofauti, ndiyo maana daktari hawezi kuanza tiba kwa kukisia jina.

## Kwa nini ukanda wetu

7. Kwa nini ugonjwa huu huonekana zaidi Uganda, magharibi mwa Kenya, kanda ya Ziwa Tanzania na Malawi?

Swali hili ndilo lililomtoa Burkitt hospitalini na kumpeleka barabarani. Kwanza alituma vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona uvimbe kama ule. Majibu yaliyorudi alikuwa akiyatia alama kwenye ramani ukutani. Kisha, Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford wakaelekea kusini hadi Afrika Kusini, wakipita hospitali baada ya hospitali. Safari hiyo ilichukua majuma kumi na ilikuwa ya takribani maili 10,000, yaani kilomita 16,000.

Walichokigundua ni kwamba ugonjwa ulikuwa na mipaka. Ulienea katika mkanda mpana upande huu na huu wa ikweta, lakini ulikoma ardhi ilipopanda juu. Karibu na ikweta mpaka ulikuwa kwenye mwinuko wa takribani mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka ulishuka, hata Msumbiji ukabaki pwani tu. Mwanzoni waliudhani ni mpaka wa mwinuko, baadaye wakatambua kwamba ulikuwa mpaka wa joto na mvua: ugonjwa ulionekana pale ambapo joto halishuki sana chini ya nyuzi 16 za Selsiasi na mvua inazidi takribani milimita 500 kwa mwaka. Yeyote aliyekulia bondeni na kuwa na jamaa milimani anajua ni kitu gani kingine kinachofuata mipaka hiyohiyo. Ni mbu.

8. Basi ni mbu anayeuleta?

Burkitt na wenzake walidhani hivyo: kwamba mbu hubeba virusi fulani na kumwambukiza mtoto saratani. Dhana hiyo ilikuwa na kosa na ukweli ndani yake. Virusi vipo, lakini havibebwi na mbu. Mbu naye anahusika, lakini kwa njia ya malaria. Majibu ya maswali ya 9 na ya 10 yanafafanua kila upande.

9. Virusi hivyo ni vipi?

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, ambaye aliposikia habari za mipaka ya hali ya hewa alishawishika kwamba lazima kuna kiumbe kinachoambukiza. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili havikuonyesha kitu. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu London, ikaelekezwa Manchester, na sampuli ilipofika hatimaye maji yake yalikuwa yametibuka kana kwamba imeoza. Epstein aliitazama kabla ya kuitupa, akakuta kutibuka kule kumetokana na chembe hai za uvimbe zikielea. Chembe hizo zilikubali kukuzwa maabara, na ndani yake hadubini ya elektroni ilionyesha virusi ambavyo havikuwa vimejulikana.

Matokeo yalichapishwa Machi 1964 na watu watatu: Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr. Virusi vikaitwa Epstein-Barr, kutokana na herufi E na B zilizotumiwa kutambulisha chembe zilizokuzwa. Jina la Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyefanya kazi ya hadubini, halikuingia. Msomaji anayefuatilia namna majina ya sayansi yanavyogawa sifa na alinganishe jambo hili na jibu la swali la 4.

Ndivyo vilivyokuwa virusi vya kwanza kufahamika kuhusishwa na saratani ya binadamu. Hata hivyo ni virusi vya kawaida mno: zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani huvipata katika maisha yao, huenea kwa mate, na kwetu watoto wengi huwa wameshavipata kabla ya kutimiza miaka mitatu bila mzazi kutambua lolote. Katika miaka ya 1970 watafiti walichukua damu ya takribani watoto 42,000 wa West Nile, Uganda, kisha wakawafuatilia, na wakaona kwamba waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi zaidi za virusi hivyo tangu kabla ya uvimbe kuonekana. Kwa hiyo virusi vinahusika, lakini peke yake havitoshi.

10. Malaria inahusikaje?

Maambukizi ya mara kwa mara ya malaria kali, ile ya *Plasmodium falciparum*, huzichochea limfosaiti B zizaliane kwa wingi, na pia hudhoofisha zile chembe za kinga ambazo kazi yake ni kuvizuia virusi vya Epstein-Barr. Katika kuzaliana huko kwa haraka, nafasi ya kosa huongezeka. Kosa lenyewe linajulikana: kipande cha kromosomu ya 8 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe) chenye jeni iitwayo MYC hukatika na kuungana na kromosomu nyingine, aghalabu ya 14, mahali ambapo chembe hutengenezea kingamwili zake. Pale MYC hukaa imewashwa muda wote, na chembe hupokea amri ya kujigawa isiyokoma.

Mtoto mwenye malaria asidhaniwe kuwa yuko mlangoni mwa saratani. Mamilioni ya watoto huugua malaria, na wanaopata limfoma hii ni wachache sana.

11. Nimesikia kwamba mnyaa husababisha. Ni kweli?

Utomvu mweupe wa mnyaa, ule mti unaopandwa kuwa ua katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, una kemikali ambazo katika maabara huviamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyolala, na watafiti wameuona mti huo ukiwa mwingi katika baadhi ya maeneo yenye wagonjwa. Huo ni ushahidi wa kushuku, haujafika kuwa ushahidi wa kuhukumu. Kuwakataza watoto kuchezea utomvu huo ni jambo jema kwa vyovyote, kwani huchoma ngozi na unaweza kudhuru macho.

## Dalili na uchunguzi

12. Mtoto wetu ameng'olewa jino, lakini taya linazidi kuvimba. Tufanye nini?

Mpelekeni hospitali kubwa sasa, bila kungoja miadi ya majuma yajayo. Njia hii ya kufika kwa kuchelewa ndiyo inayojirudia kuliko zote: meno yanalegea, familia inadhani ni jipu, jino linang'olewa, dawa za bakteria zinatolewa, na kila hatua inakula juma moja la ugonjwa usiongoja hata siku mbili. Kama meno kadhaa ya jirani yanalegea kwa pamoja kwa mtoto asiye na meno mabovu, kama uvimbe hauna joto wala maumivu makali ya jipu, na kama umeongezeka waziwazi ndani ya siku chache, mwambieni daktari hayo kwa maneno hayohayo na muombe rufaa.

Dalili nyingine ni jicho linalosukumwa nje, tumbo linalojaa haraka, na miguu inayolegea ghafla au mkojo kuziba. Hizi mbili za mwisho huonyesha kwamba uti wa mgongo unabanwa, na hapo hesabu ni ya saa.

13. Ugonjwa huthibitishwaje?

Kwa kuchukua kinyama kidogo cha uvimbe, au chembe kwa sindano, na kukitazama kwa hadubini. Chembe za saratani hujipanga kwa msongamano mweusi, na katikati yake huonekana chembe kubwa nyeupe zinazomeza zile zilizokufa, hivyo wanapatholojia huifananisha sura hiyo na anga lenye nyota. Baada ya hapo hupimwa damu, uboho, maji ya uti wa mgongo na tumbo kwa ultrasaundi, ili kujua umefika wapi.

14. Je, sindano ya mgongoni haitamlemaza mtoto?

Hofu hii huwafanya wazazi wengi kukataa kipimo, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Sindano huingizwa chini ya mahali uti wenyewe unapoishia, sehemu ambayo ina maji na nyuzi za fahamu zinazoelea, na ulemavu kutokana nayo ni nadra mno. Kinacholemaza watoto ni uvimbe wenyewe ukiachwa. Isitoshe, njia hiyohiyo hutumiwa kuingizia dawa zinazoulinda ubongo.

## Matibabu

15. Unatibiwaje, na tiba hii ilipatikanaje?

Unatibiwa kwa tibakemikali, yaani dawa zinazoua chembe za saratani. Upasuaji haufai kuwa tiba kuu, kwa kuwa uvimbe hurudi mahali pengine upesi. Burkitt, ingawa alikuwa mpasuaji, alikiri hivyo mapema. Kampala ya wakati huo haikuwa na mashine ya mionzi, basi akajaribu dawa zilizokuwa mpya, na uso uliokuwa umevimba ukaanza kunywea ndani ya siku chache. Hayo yalikuwa miongoni mwa mafanikio ya mwanzo kabisa ya tibakemikali duniani, na mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilianzishwa Mulago, ambacho ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Dawa za msingi bado ni siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, na ya mwisho hutolewa pia kwa njia ya mgongoni. Katika nchi tajiri, ambako dozi kubwa zaidi na dawa ya rituksimabu vinapatikana pamoja na uangalizi wa karibu, takribani watoto 9 kati ya 10 hupona. Kwetu kiwango kiko chini ya hapo. Sababu zake zinajulikana: kuchelewa, kukatisha tiba, maambukizi wakati kinga imeshuka, na dawa kukosekana.

Wazazi huuliza pia kwa nini daktari huanza na dripu za maji badala ya dawa yenyewe. Chembe za uvimbe huu hufa kwa halaiki dawa inapoingia, na uchafu wake, hasa asidi ya yuriki na potasiamu, unaweza kuziba figo na kusimamisha moyo. Maji mengi na dawa ya alopurinoli huandaa figo kwa kazi hiyo. Siku hiyo moja au mbili za maandalizi ni sehemu ya tiba.

Na uvimbe ukishapotea baada ya dozi ya kwanza, tafadhali msiondoke. Kisichoonekana kwa macho bado kinaweza kuwa na mamilioni ya chembe, na zinazosalia ndizo zilizohimili dozi ya kwanza. Anayemaliza dozi zote na kupita mwaka mmoja bila uvimbe kurudi huwa amevuka kipindi chenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa wengi wanaorudiwa hurudiwa ndani ya mwaka huo.

## Maswali ya pembeni

16. Je, watu wazima na watu wa Ulaya huupata?

Ndiyo. Wataalamu hutambua aina tatu. Ya kwanza ni hii ya ukanda wa malaria. Ya pili hutokea hapa na pale popote duniani, huanzia zaidi tumboni, karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, na katika wagonjwa wake wengi virusi vya Epstein-Barr havionekani kwenye uvimbe. Ya tatu huwapata watu wenye upungufu wa kinga, hasa wanaoishi na VVU, na inaweza kujitokeza hata kwa mtu ambaye kinga yake bado haijashuka sana. Jeni la MYC huharibika katika zote tatu. Mtu mzima anayetumia dawa za VVU hapaswi kuziacha anapoanza tibakemikali, bali madaktari wa pande zote mbili wapatanishe dawa.

17. Unaambukiza? Unarithiwa?

Hauambukizi. Mtoto mgonjwa anaweza kula, kulala na kucheza na ndugu zake, na kumtenga kunamwongezea mateso bure. Virusi vilivyotajwa katika swali la 9 huambukiza, lakini ndugu hao karibu wote wameshavipata. Kosa la kromosomu nalo hutokea ndani ya chembe moja ya mtoto baada ya kuzaliwa, hivyo halitoki kwa mama wala kwa baba, wala si matokeo ya jambo lolote walilolitenda.

18. Je, ni Burkitt yuleyule anayetajwa katika habari za nyuzinyuzi kwenye chakula?

Ni yeye. Baada ya kurudi Uingereza katika miaka ya 1960 alitumia njia ileile ya kuuliza magonjwa yanapatikana wapi na hayapatikani wapi, safari hii akilinganisha magonjwa ya utumbo ya Ulaya na uhaba wake aliouona katika hospitali za vijijini Afrika. Alihitimisha kwamba chakula kisichokobolewa kinalinda utumbo, akaihubiri hoja hiyo hadi alipofariki mwaka 1993. Katika kazi hiyo alishirikiana tena na Hugh Trowell, yule aliyemwita wodini mwaka 1957.